Uzi: Kifungo cha disulfidi hushika umbo la protini, na umbo ndilo linalofanya kazi

Mwanakemia wa Winam, Kisumu (mwanzisha uzi)

Salaam kwenu nyote. Katika mijadala ya jukwaa hili nimeona kauli moja ikirudiwa, kwamba kadiri protini inavyokuwa na vifungo vingi vya disulfidi, yaani vya salfa mbili zilizoshikana, ndivyo inavyokuwa na nguvu zaidi, na kwamba dawa ya protini hufa pale tu vifungo hivyo vinapokatika. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imeishia njiani, na sehemu iliyobaki ndiyo inayomhusu muuguzi anayetunza chupa za sindano, mgonjwa wa kisukari anayeishi kwenye joto la ziwani, na mwalimu anayefundisha biolojia. Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba katika protini nyingi kifungo cha disulfidi chenyewe hakifanyi kazi ya kibiolojia. Kinashikilia umbo, na umbo hilo ndilo linalofanya kazi. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuhesabu vifungo, inafaa tuulize ni sisteini (asidi amino inayobeba salfa hiyo) ipi iliyoshikana na ipi.

Nianze na kemia kwa ufupi. Miongoni mwa asidi amino 20 za kawaida zinazojenga protini, sisteini ndiyo yenye atomu ya salfa iliyoshika haidrojeni kwenye ncha ya tawi lake. Sisteini mbili zinapokaribiana na haidrojeni hizo kuondolewa kwa uoksidishaji, salfa hizo mbili hushikana zenyewe kwa zenyewe, na umbali kati yake huwa takribani nanomita 0.2. Kifungo hicho ni dhaifu kiasi kuliko kile cha kaboni kwa kaboni, lakini kina nguvu mara nyingi zaidi ya kifungo cha haidrojeni. Sisteini hizo zaweza kuwa katika mnyororo mmoja, zikitenganishwa na makumi ya asidi amino, au katika minyororo miwili tofauti.

Wengi hudhani kwamba kifungo hiki huimarisha protini kwa kuibana ilipokwisha kujikunja. Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya upande wa pili: kifungo hupunguza uhuru wa mnyororo uliokunjuliwa. Mnyororo usio na vifungo ukikunjuka hupata namna nyingi mno za kujipinda na kutapakaa, na wingi huo wa namna ndio unaouvutia ubaki umekunjuka. Ukiufunga mahali pawili au patatu, namna hizo hupungua sana, na hali ya kukunjika vizuri inakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kushinda.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni ule wa Christian Anfinsen, aliyefanya kazi Marekani na kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1972 pamoja na Stanford Moore na William Stein. Alitumia kimeng'enya kinachoitwa ribonuklease A, ambacho hutolewa katika kongosho la ng'ombe, chenye asidi amino 124, sisteini 8 na kwa hiyo vifungo 4. Alikikunjua kwa urea nzito na kukata vifungo vyote kwa merkaptoethanoli, na kazi yake ikatoweka. Alipoondoa vitu vyote viwili na kuacha oksijeni ya hewa ifanye yake, kimeng'enya kilijikunja upya na kazi ikarudi karibu yote.

Sehemu ya pili ya jaribio ndiyo ninayoomba tuitazame kwa makini. Safari hii aliacha sisteini zishikane zikiwa bado ndani ya urea, yaani mnyororo ukiwa haujajikunja. Sisteini ya kwanza ina wenza 7 wa kuchagua. Jozi hiyo ikishaondoka, inayofuata ina wenza 5, kisha 3, kisha 1, na ukizidisha unapata mipangilio 105, ambayo mmoja tu ndio wa asili. Kimeng'enya kilichotokea kilikuwa na vifungo vyake vyote, bila hata kimoja kupungua, lakini kazi yake ilikuwa karibu asilimia 1 tu. Kisha Anfinsen akaondoa urea na kutia kiasi kidogo sana cha merkaptoethanoli, kinachotosha kufungua na kufunga vifungo mara kwa mara bila kuviondoa kabisa. Baada ya saa kama 10 hivi, protini ilikuwa imejipanga upya na kazi imerudi. Idadi ya vifungo ilikuwa ileile mwanzo na mwisho. Kilichobadilika ni nani ameshikana na nani.

Karibuni kwa maswali na kwa pingamizi.

Mwalimu wa Baiolojia, Kakamega

Asante sana kwa maelezo haya, ndugu. Nina swali ambalo wanafunzi wa kidato cha nne wataliuliza mara tu nitakapowasimulia jaribio hilo. Ikiwa mnyororo wenyewe una maelekezo yote ya kujikunja, kwa nini seli igharimike kutengeneza vimeng'enya vya kusaidia kazi hiyo? Na kwa nini baadhi ya protini zina vifungo hivi huku nyingine, kama himoglobini, zikifanya kazi kubwa hivyo bila kuvitegemea?

Mwanakemia wa Winam, Kisumu

Mwalimu, jibu la swali la kwanza ni kasi. Saa 10 zinatosha katika chupa ya maabara, lakini seli ya kongosho haiwezi kusubiri kiasi hicho. Ni maabara ya Anfinsen hiyohiyo iliyogundua mwaka 1963 kimeng'enya kinachobadilishana vifungo, ambacho hufungua jozi zilizokosewa na kuruhusu sisteini zijaribu tena mpaka protini ifikie umbo lililo tulivu. Hakiielekezi protini umbo la kuchukua. Kinaharakisha tu utafutaji ambao ungetokea wenyewe kwa muda mrefu.

Swali la pili linahusu mahali. Ndani ya saitoplazimu, yaani majimaji ya seli, kuna molekuli ndogo iitwayo glutathioni, nyingi na iliyo katika hali ya kutoa haidrojeni, na hali hiyo hufanya salfa nyingi zibaki na haidrojeni zake. Vifungo vya disulfidi hufungwa hasa ndani ya retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ulio ndani ya seli, ambako hali ya uoksidishaji iko juu zaidi, na huko ndiko zinakopita protini zitakazotolewa nje ya seli: insulini, kingamwili, vimeng'enya vya kumeng'enya chakula. Himoglobini hubaki ndani ya chembe nyekundu ya damu. Protini inayokwenda nje hukutana na mazingira yasiyotabirika, haina seli ya kuilinda, na ndiyo maana inafaidika na umbo lililofungwa mapema. Nadhani wanafunzi wako wakishika jambo hili la mahali, mengine yatafuata bila kukaririwa.

Mkulima wa Soya, Busia

Mimi hulima soya na kusaga unga wa lishe ya watoto na wa kuku. Tumefundishwa kwamba soya mbichi ina kitu kinachozuia mmeng'enyo wa protini, na kwamba ni lazima tuipike vya kutosha. Je, kitu hicho nacho kina vifungo hivi? Na ikiwa kinavyo, moto huvikata?

Mwanakemia wa Winam, Kisumu

Ndiyo, mzee, na mfano wako ni mzuri kuliko niliyokuwa nimeitayarisha. Soya ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya cha utumbo kinachomeng'enya protini, vya aina mbili vinavyojulikana zaidi. Kimoja, cha Kunitz, kina asidi amino 181 na vifungo 2 tu. Kingine, cha Bowman na Birk, ni kidogo sana, asidi amino 71, lakini kina vifungo 7. Hiki cha pili ni kidogo mno kuweza kuwa na kiini kikubwa cha ndani kinachokimbia maji, kama ilivyo katika protini nyingi kubwa. Vifungo 7 ndivyo vinavyobeba karibu mzigo wote wa kulinda umbo, na ndiyo sababu kinavumilia joto zaidi kuliko mwenzake. Hapa ile kauli ya vifungo vingi kuwa nguvu nyingi inakaribia kuwa kweli.

Lakini tazama kinachotokea vifungo vikifunguliwa kwa kemikali: kizuizi hupoteza umbo na kuacha kuizuia tripsini. Watafiti wa vyakula wameonyesha kwamba ukitia chumvi za salfaiti, ambazo hushambulia vifungo vya disulfidi, joto dogo zaidi linatosha kuviharibu vizuizi vya soya. Kwa matumizi ya nyumbani sikushauri kemikali. Endelea kuloweka na kuchemsha hadi punje zilainike kabisa, kwa sababu joto la majimaji hupenya punje vizuri kuliko kukaanga kwa haraka, ambako ngozi huungua na ndani kubaki kubichi.

Muuguzi wa Jamii, Siaya

Ninafuatilia uzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, wagonjwa wangu wa kisukari wengi hawana jokofu, na mchana huku joto ni kali. Pili, katika chumba cha kujifungulia tunategemea oksitosini, dawa ya kubanisha mfuko wa uzazi, nayo ni lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ningeomba uunganishe mambo haya mawili na hoja yako, kwa sababu nimekuwa nikidhani joto hukata vifungo tu, basi.

Mwanakemia wa Winam, Kisumu

Dada muuguzi, nimefurahi umeuliza, kwa maana hapa ndipo hoja inapokuwa na uzito kwa maisha ya watu. Nitajibu moja baada ya nyingine, na niruhusu niwe mrefu.

Insulini ina asidi amino 51 katika minyororo miwili, A wenye 21 na B wenye 30. Frederick Sanger wa Cambridge ndiye aliyebainisha mpangilio wake wote, na kwa kazi hiyo alipata Nobel mwaka 1958. Kuna vifungo 3: viwili vinaunganisha mnyororo A na B, na kimoja kiko ndani ya mnyororo A wenyewe. Mwilini, insulini huanza kama mnyororo mmoja mrefu, proinsulini, ambao hujikunja, vifungo vikafungwa, kisha kipande cha katikati kikakatwa na kuondolewa. Kwa hiyo vifungo huwekwa wakati mnyororo ungali mmoja na umeshapata umbo. Baada ya kukatwa, ndivyo vinavyozuia minyororo miwili isiachane.

Umuhimu wa jozi sahihi unaonekana kwa uchungu katika watoto wachache wanaozaliwa na badiliko katika jeni la insulini ambapo sisteini moja imegeuka kuwa tairosini. Sisteini mwenzake hubaki bila jozi, proinsulini hujikunja vibaya, hurundikana ndani ya retikulamu ya endoplazimu na kuielemea seli. Jeni la pili, lililo zima, linaendelea kutengeneza proinsulini nzuri, lakini ile mbovu huizuia nayo isitoke, na hatimaye seli za beta, zile zinazotengeneza insulini, hufa. Mtoto hupata kisukari akiwa na umri wa wiki au miezi michache. Atomu moja ya salfa imekosa mwenzake, na matokeo yake ni hayo yote.

Sasa kuhusu joto. Insulini inapotikiswa sana kwenye joto kali, au inapogandishwa, molekuli zake hufunguka kidogo na kushikamana zenyewe kwa zenyewe hadi kuwa nyuzi ndogo. Katika nyuzi hizo vifungo vya asili kwa kawaida vingali vizima, lakini insulini hiyo haifanyi kazi tena. Kwa hiyo, dada, mgonjwa anaweza kuwa na chupa ambayo vifungo vyake vyote vipo na dawa isifanye kazi. Umbo limeondoka, na vifungo havikutosha kulirudisha. Ndiyo maana insulini iliyokuwa angavu ikionekana na ukungu au chembechembe ni lazima iachwe, na ile iliyowahi kuganda isitumiwe hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Kuna habari ya kutia moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliotokana na kazi ya Madaktari Wasio na Mipaka katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, ulipima insulini ya binadamu iliyowekwa katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4, kama linavyokuwa ndani ya nyumba za kambi, na haukuona tofauti ya nguvu ukilinganisha na ile iliyokaa kwenye baridi. Hilo halifuti maelekezo ya kliniki wala ya karatasi iliyo ndani ya kisanduku. Chupa ambazo hazijafunguliwa bado zinahitaji baridi. Lakini mgonjwa anayeweka chupa moja inayotumika ndani ya chungu cha udongo chenye maji, kivulini, hafanyi jambo la kijinga. Kumbuka tu kwamba chungu hupoza vizuri zaidi hewa ikiwa kavu, na ukaribu wa ziwa hupunguza faida hiyo.

Oksitosini ni habari nyingine, na kwangu ndiyo mfano mzuri kuliko wote. Ina asidi amino 9 tu. Ya kwanza na ya sita ni sisteini, na kifungo kati yao hufanya pete yenye mkia wa asidi amino 3. Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953 na kupata Nobel mwaka 1955. Pete hiyo ndiyo inayoingia kwenye kipokezi cha misuli ya mfuko wa uzazi; ukiifungua na kuacha mnyororo ulionyooka, kazi karibu yote inapotea. Na katika joto, kifungo hicho kimoja ni mojawapo ya sehemu dhaifu: salfa hubadilishana wenza, molekuli mbili hushikana, au salfa za ziada hujiingiza katikati. Hapa, tofauti na insulini, dhana yako ya kwamba kifungo ndicho kinachoharibika ina ukweli mwingi.

Wanakemia wakauliza: je, salfa yenyewe inahitajika, au ni pete tu? Wakaondoa salfa moja na kuweka kaboni mahali pake, pete ikabaki. Dawa iliyotokana na wazo hilo ni karbetosini, ambayo ina pia mabadiliko mengine madogo. Inaufanya mfuko wa uzazi ubane vizuri ingawa haina kifungo cha disulfidi kabisa. Mchanganyiko wake unaostahimili joto ulijaribiwa na Shirika la Afya Duniani kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, Kenya ikiwamo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018: katika kuzuia kuvuja damu kwa kiasi cha mililita 500 au zaidi baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, haikuwa duni kuliko oksitosini. Mwaka 2019 iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo. Kwa hoja yangu, hii ni hukumu: kifungo kimeondolewa, umbo limebaki, kazi imebaki.

Muuguzi wa Jamii, Siaya

Nashukuru kwa jibu refu. Niongeze kwa wenzangu wauguzi wanaosoma kwamba karbetosini hiyo ni ya kuzuia kuvuja damu baada ya mtoto kuzaliwa tu. Haitumiki kuanzisha wala kuongeza uchungu wa uzazi, kwa sababu kazi yake hudumu muda mrefu na huwezi kuisimamisha kama unavyosimamisha dripu ya oksitosini. Kwa hiyo jokofu la oksitosini bado tunalihitaji.

Msusi, Nakuru

Hamjambo. Mimi ni msusi na nimefika hapa kwa sababu niliambiwa dawa ya kulainisha nywele hukata vifungo hivi. Wateja hudhani shampuu tunayooshea baada ya dawa huvirudisha. Ni kweli?

Mwanakemia wa Winam, Kisumu

Hapana, mama. Nywele ni keratini, protini yenye sisteini nyingi sana, na vifungo vyake ndivyo vinavyoshikilia msokoto. Dawa kali ya alikali, kama ile ya sodiamu haidroksidi, huvigeuza vingi vyake kuwa kifungo chenye salfa moja tu, kinachoitwa lanthionini, na hicho hakirudi kuwa disulfidi. Shampuu ya kumalizia huondoa mabaki ya alikali ili isiendelee kula nywele na ngozi; kazi yake inaishia hapo, nayo ni kazi muhimu, usiifupishe. Dawa za kutia mawimbi zenye thioglikoleti ni tofauti: hufungua vifungo, kisha peroksidi ya haidrojeni huvifunga tena katika mpangilio mpya. Na pasi ya nywele, ikitumiwa kwa kiasi, hugusa zaidi vifungo vya haidrojeni, ndiyo maana mvua ya Nakuru huurudisha msokoto mara moja. Nywele zilizokwisha kulainishwa kwa alikali zisitiwe dawa ya thioglikoleti juu yake, kwani hukatika.

Mwanafunzi wa Uzamili, Maseno

Nina pingamizi, kwa heshima. Umesema kifungo hakifanyi kazi chenyewe. Thioredoksini, ile protini ndogo inayopitisha elektroni kwa protini nyingine, je? Sisteini zake mbili, zikiwa zimetenganishwa na glisini na prolini, hufungwa na kufunguliwa mara kwa mara, na kufungwa huko ndiko kazi yake. Hapo huwezi kusema kifungo ni cha kushikilia umbo tu.

Mwanakemia wa Winam, Kisumu

Pingamizi ni la haki, na ndilo lililonifanya niandike tangu mwanzo kwamba nasema juu ya protini nyingi, nisiseme zote. Kuna kundi la vifungo ambavyo huzaliwa ili vifunguliwe. Thioredoksini ni mmoja wao, na hata kile kimeng'enya cha kubadilishana vifungo nilichomweleza Mwalimu kina jozi za sisteini za namna hiyo. Hapo kemia ya salfa ndiyo kazi yenyewe.

Lakini tazama upande wa protini inayopokea elektroni za thioredoksini, na hapa mfano uko katika mashamba yetu. Mtama na mahindi hutumia katika usanidimwanga kimeng'enya kinachogeuza molekuli ndogo iitwayo oksaloasetiti kuwa nyingine iitwayo maleti ndani ya kloroplasti. Gizani kimeng'enya hicho huwa na vifungo viwili vya udhibiti, kimoja katika kila ncha ya mnyororo, na ncha ya mwisho iliyofungwa hukaa juu ya mahali pa kazi na kupaziba. Jua likichomoza, elektroni zinazotokana na mwanga hupitia thioredoksini na kufungua vifungo hivyo, ncha inaachia, na oksaloasetiti inaweza kuingia. Kwa hiyo hapa kifungo ni swichi, lakini namna swichi hiyo inavyofanya kazi ni kwa kubadili umbo. Tofauti na ribonuklease ni kwamba umbo linaloshikiliwa na kifungo ndilo lisilofanya kazi.

Mwanafunzi wa Uzamili, Maseno

Nakubali maelezo hayo. Je, kuna aliyewahi kuondoa sisteini hizo kabisa katika kimeng'enya cha mtama ili kuona kama kitabaki wazi?

Mwanakemia wa Winam, Kisumu

Ndiyo, jaribio hilo lilifanywa Ufaransa katika miaka ya 1990, kwa kimeng'enya hichohicho cha mtama. Sisteini za ncha zote mbili zilipobadilishwa kwa asidi amino nyingine zisizo na salfa, kilipatikana kimeng'enya ambacho hakihitaji tena thioredoksini na ambacho hufanya kazi wakati wote, iwe kuna mwanga au hakuna. Ukitaka kuyafuatilia haya katika tasnifu yako, ningekushauri uanze na ile ncha ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayoziba mahali pa kazi moja kwa moja.